Bakteria Kwanza, Samaki Baadaye

Wako miongoni mwenu wanaotuuliza juu ya ufugaji wa sato katika matangi ambamo maji yale yale husafishwa na kurudishwa kwa samaki. Mfumo uliojengwa vema hutumia tena zaidi ya asilimia 90 ya maji yake. Hata hivyo, kabla fedha ya kikundi haijazama humo, yafaa tuelewe ni nani hasa anayeyasafisha.

Si pampu, hiyo huyasukuma tu. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua, na mabaki ya chakula yakioza huiongeza. Maji yaweza kuwa maangavu na bado yakaua. Kinyesi huondolewa kwanza kwa kutuamishwa, kisha maji hupita katika kichujio cha kibiolojia, yaani chombo kilichojaa kokoto au vipande vya plastiki ambavyo bakteria hujishikiza juu yake. Bakteria wa kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwani huzuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Wa kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mboga huipenda. Katika Laudato Si' (2015), namba 22, Papa Fransisko alisikitikia viwanda visivyojua kurejesha taka katika matumizi kama maumbile yafanyavyo. Basi maji machafu ya tangi yaende bustanini, si ziwani.

Bakteria hao hukua polepole, takriban wiki 4 hadi 6. Hapo ndipo penye hasara. Kikundi kinachojaza vifaranga siku ya uzinduzi, mbele ya wapiga picha (tunazijua sherehe zetu), chaweza kuwapoteza wote kabla mwezi haujaisha, deni likabaki. Waanze na samaki wachache, wawalishe kidogo, wapime maji kila siku mpaka amonia na nitriti zikaribie sifuri.

Kichujio kisisuuzwe kwa maji ya bomba yenye klorini, maana huua bakteria. Yatumike maji ya tangi lenyewe. Tena bakteria nao hupumua: kila gramu ya naitrojeni iliyomo katika amonia hudai takriban gramu 4.6 za oksijeni. Umeme ukikatika, samaki waliosongamana waweza kufa kabla ya saa nyingi kupita. Kwa hiyo, penye umeme wa kubahatisha na pasipo jenereta, ushauri wetu ungali bwawa la udongo.