Unalisha Ndege, na Wenzao Je?

Likizo ndefu iliyopita nilirudi nyumbani Kilwa Kivinje na wazo nililolipata kwenye simu: kuwatengea ndege chakula uani. Wenzetu wa Ulaya na Marekani hutundika vibanda vidogo vya nafaka bustanini, kisha wanakaa dirishani na chai yao wanatazama. Mimi sikuwa na kibanda. Nilifunga sahani kuukuu ya plastiki kwenye mwembe kwa waya, chini yake nikaweka bakuli la maji, karibu kabisa na mlango wa uani ili nipige picha vizuri. Nilitaka mifano yangu mwenyewe ya mnyororo wa chakula, niwe nayo nikienda fildi kufundisha.

Bibi alinitazama nikimwaga chenga za mchele. “Haya mume wangu, unalisha ndege. Na wenzao je?”

Nikacheka. Sikumwelewa.

Asubuhi za mwanzo zilikwenda vizuri. Walikuja shomoro, tetere, mnana, na njiwa wa jirani ambao hawakualikwa. Siku ya nne wakafika kunguru, na sherehe ikaisha. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa pwani yetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka, akazaliana, akavuka hadi bara. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vya kuku pia. Kwa hiyo sahani yangu ya kuwafurahisha ndege wadogo ikawa inamnenepesha adui yao.

Ila mambo yenyewe hasa yalikuwa usiku. Ndege si walaji nadhifu jamani. Wanachambua, wanaparua, nusu ya chakula inaanguka chini. Jua likizama, zile chenga za chini zinakuwa za zamu nyingine. Kwanza panya wa kawaida, kisha panya buku, mkubwa kama paka mdogo, anayejaza nafaka kwenye mifuko ya mashavu na kwenda kuificha shimoni. Ndiye yuleyule ambaye shirika la APOPO linamfundisha pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Wa kwetu hakuwa na mafunzo yoyote. Alitoboa gunia la mpunga.

Nilipoongeza ndizi mbivu, wakaja popo, na baada yao komba. Macho yake yanawaka ukimmulika na tochi, na kilio chake unaweza kudhani ni mtoto mchanga. Huyu pwani tunamjua, hata mlevi tunamfananisha naye, kwa sababu hupanda mnazi akanywa tembo kwenye kibuyu cha mgema. Sikuwa nimefikiri kwamba kibuyu cha mgema na sahani yangu ni kitu kimoja: ukiacha kitamu wazi usiku, hukuchagua mgeni.

Mgeni wa mwisho alimkuta Bibi, si mimi. Alitoka alfajiri kutawadha, akamkuta swila amejikunja kando ya bakuli. Maji yalileta vyura, chenga zilileta panya, na swila anakula wote wawili. Akainua shingo. Bibi alisimama palepale, akarudi nyuma taratibu mpaka ndani, akafunga mlango. Nyoka akaondoka zake. Bibi ana miaka sabini na kitu, na kituo cha afya si cha kukimbilia kwa miguu gizani.

Mnyororo wa chakula niliokuwa nauchora ubaoni nilikuwa nimeujenga mlangoni kwake.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na wanaoumizwa zaidi ni watu wa vijijini kama sisi. Swila wengine hutema: sumu ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi, usisugue. Akikuuma, usichanje wala usikaze kamba. Tuliza kiungo, upelekwe hospitali haraka.

Kumbe hata Marekani, kwenye maeneo yenye dubu, watu huambiwa waondoe vibanda vya ndege majira ya joto, maana dubu naye hufuata nafaka. Bibi hakusoma hayo popote. Yeye hufagia uani kila siku kabla ya Magharibi, na mimi miaka yote nilidhani ni usafi tu.

Sahani sasa iko mbali na nyumba, pembeni mwa shamba. Naweka gao moja la chenga asubuhi, saa kumi jioni naiondoa, nafagia chini na kumwaga maji. Ndizi nimeacha. Kunguru bado wanakuja, hao sijawapatia dawa. Na Bibi, kila akiniona na ufagio, ananiuliza kama wageni wangu wameshiba.