Kinywa cha Mpiga Tarumbeta Kinapokauka

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kusimama kando ya barabara jijini Dar es Salaam siku ya Jumamosi, ukautazama msafara wa harusi ukipita. Mbele ya maharusi hutangulia gari la wazi lililowabeba wapiga matarumbeta, na vigelegele hufuata nyuma. Wewe husikia raha ya muziki ukaendelea na safari yako. Ni wachache wanaomtazama kijana mwenye tarumbeta na kujiuliza kinywa chake kina hali gani.

Hali hiyo ndiyo tunayoizungumza leo. Huenda watu wamekwisha kusanyika na kiongozi wa bendi ametoa ishara, mara mpigaji akaona ulimi umegandamana na kaakaa, midomo imekuwa kama karatasi, na mate hayapo kabisa. Akipuliza, hutoka pumzi tupu. Wenzake humkodolea macho. Hali hiyo ikijirudia mara mbili tatu, mwenye bendi hutafuta mtu mwingine wa kushika nafasi yake. Hivyo ndivyo mate, kitu tusichokijali, yanavyoweza kumnyima mtu riziki ya watoto wake.

Wako wanaosema kwamba mtu huyo amefungwa kinywa na washindani. Maneno hayo si ya ajabu, kwani ushindani wa bendi ni wa tangu zamani. Ngoma ya beni, iliyoanza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea Tanganyika, ilikuwa na makundi ya Marini na Arinoti yaliyoshindana vikali. Lakini kukauka kinywa kuna sababu zake zinazojulikana, na hakuna haja ya kumtafuta mchawi.

Hofu na jua

Zumari lina tete lake, tarumbeta halina. Tete la tarumbeta ni midomo ya mpigaji mwenyewe, inayotetemeka juu ya kikombe kidogo cha chuma. Midomo hiyo huhitaji unyevu ili itetemeke vizuri, na ulimi nao huuhitaji ili ukate sauti kwa wepesi. Mwili wa mtu mzima hutengeneza kiasi cha nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate kwa siku. Hata hivyo, mtu anapoingiwa na hofu, mwili hujiandaa kupigana au kukimbia: moyo hudunda, viganja hutoa jasho, nayo mate hupungua na kuwa mazito.

Tena mpigaji huvuta pumzi kwa kinywa, na kila pumzi hupita na unyevu wake. Ongeza hapo jua, vumbi na upepo wa gari la wazi. Sigara hukausha kinywa, na pombe huyatoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Kwa hiyo yule anayekunywa bia “ili kuondoa woga” hujichimbia shimo mwenyewe.

La kufanya

Kwanza, anza kunywa maji tangu asubuhi, kidogo kidogo. Bilauri moja inayogugumiwa dakika ya mwisho haiwezi kulipa deni la siku nzima. Baina ya wimbo na wimbo, piga funda dogo la kulowesha kinywa. Epuka soda na maji ya matunda wakati wa kupiga, kwa maana sukari hunata kinywani na ndani ya mabomba ya tarumbeta. Karanga za chumvi nazo ziache hadi kazi iishe.

Pili, mate yakikukimbia jukwaani, ung’ate ulimi taratibu pembeni bila kuuumiza, au uzungushe kwenye ufizi. Kisha fikiria embe bichi lililokatwa na kutiwa chumvi na pilipili. Usicheke, ndugu msomaji! Mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya usagaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa huweza kutokwa na mate kwa ishara tu, kabla chakula hakijafika kinywani. Lakini usiinyonye ndimu yenyewe kila mara, kwani ukali wake hula meno.

Tatu, unapopumzika, funga kinywa na upumue kwa pua, ukitoa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta. Moyo hutulia, na mate hurudi.

Nne, izoee hadhira. Hapa jamaa wa nyumbani wana kazi. Baba, mama, watoto na majirani na waketi uani, kijana awapigie nyimbo zake mwanzo hadi mwisho, wala wasimcheke akikosea. Aliyekwisha kutazamwa na watu kumi hawaogopi sana watu mia.

Wapo wapiga muziki wanaomeza vidonge vya propranololi ili kutuliza mapigo ya moyo. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na yaweza kumletea mwenye pumu hatari kubwa. Usiazime kidonge cha mwenzako.

Hatimaye, ikiwa kinywa hukauka hata siku ambazo huna onyesho, nenda ukapimwe. Kiu isiyokwisha pamoja na kukojoa mara kwa mara huweza kuwa dalili ya kisukari. Baadhi ya dawa za mafua, za mzio na za shinikizo la damu pia hukausha kinywa. Mweleze daktari, wala usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Tena mate ni mlinzi wa meno, na yakikosekana kwa muda mrefu meno huoza upesi.

Nawe mwenye harusi unayekodi matarumbeta, usisahau jambo moja. Kabla ya kuwaza pilau ya wapigaji, weka ndani ya gari lao ndoo safi ya maji ya kunywa yenye kifuniko, na vikombe vyake. Gharama yake ni ndogo, na faida yake utaisikia masikioni mwako msafara wote.