Tujifunze: Mistari ya Mabango Yetu



Yako matawi ambayo sasa hujichorea mabango kwa kompyuta, na hilo ni jambo jema. Lakini tawi letu lilipata somo. Tulichora onyo la kutundika karibu na mashine ya kusokota majani ya chai: mkono, magurudumu mawili ya meno, na pembetatu kuvizunguka. Kwenye kioo cha kompyuta lilipendeza. Tulipolikuza na kulichapisha, mistari ilitoka kama uzi. Aliyesimama hatua kumi hakuona mkono wala meno. Bango la namna hiyo ni hatari, maana siku mwenzetu akiumia, mwajiri atasema onyo lilikuwapo.

Kosa lilikuwa letu, kwa kutoelewa mistari. Programu ya kuchorea ya vekta, kama Inkscape ambayo imekuwa ikitolewa bure tangu 2003, hukumbuka njia ya mstari: unapoanzia, unapopinda na unapoishia. Njia yenyewe haina unene. Ni kama kamba anayoivuta mwashi kabla ya kupanga matofali. Unene, rangi na umbo la ncha ni mambo tunayoyachagua sisi. Katika Inkscape, bonyezeni Ctrl, Shift na F kwa pamoja, kidirisha chake kitafunguka.

Mambo ya kuangalia ni haya:

1. Unene. Upimeni kwa milimita, si kwa macho. Tena kumbukeni kwamba unene hugawanyika pande mbili za njia. Mstari wa milimita 6 hulala milimita 3 ndani na 3 nje. Mkiuweka kwenye ukingo kabisa wa karatasi, nusu yake itapotea.

2. Kukuza. Hapa ndipo tulipokosea. Programu ina chaguo la kuufanya unene ukue pamoja na mchoro. Likifungwa, mchoro wa sentimita 20 ukikuzwa hadi 60, mstari wa milimita 2 hubaki milimita 2. Likiwashwa, huwa milimita 6. Liangalieni kabla ya kukuza.

3. Ncha. Ziko za aina tatu: iliyokatwa pale pale njia inapoishia, ya duara, na ya mraba. Hizi mbili za mwisho huongeza nusu ya unene kila upande, hivyo mistari miwili iliyokaribiana yaweza kugusana.

4. Pembe. Nazo huwa kali, za duara, au zilizokatwa. Kwa pembetatu ya onyo, pembe kali hufaa. Lakini programu ina kikomo cha ukali. Kikomo kikiwa 4, pembe iliyo chini ya nyuzi 29 hivi hukatwa yenyewe. Kama mshale wenu wa kuonyesha mlango wa dharura umetoka butu, ongezeni kikomo hicho.

5. Kugeuza mstari kuwa umbo. Mkimaliza, mwaweza kuamuru mstari ugeuzwe umbo kamili, ili unene usibadilike kwa mchapaji. Ila hekeni mbili haziji hapa: mstari uliogeuzwa hauongezwi tena unene kwa kuandika namba. Basi wekeni kwanza nakala ya mchoro wa awali.

Mwisho, kabla ya kulipia uchapaji, chapeni mfano mmoja kwa kipimo chake halisi na kuubandika ukutani. Mwiteni anayeiendesha mashine ile, asimame pale anaposimama kila siku. Yeye ndiye mkaguzi. Asipoona, rudini kwenye kompyuta.

Bango letu tulilichora upya, na sasa mkono unaonekana kutoka mlangoni. Hata hivyo, ndugu, bango halizuii gurudumu. Kifuniko cha chuma juu ya meno yale ni wajibu wa mwajiri, na tuendelee kukidai.