Montreal: Baridi inakata vidole, kazi ni ya usiku, na Goma inasubiri feza kwenye simu

Kwa wakaaji wengi wa mashariki mwa Kongo, theluji ni kitu cha kuangalia kwa mbali, juu ya mlima Ruwenzori, asubuhi ambapo mawingu yamefunguka upande wa Mutwanga. Kwa ndugu zao waliokwenda kutafuta maisha mjini Montreal, nchini Canada, theluji ni kitu cha kukanyaga kila siku wakienda kazini na wakirudi, kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka mwezi wa tatu.

Katika majira hayo, maisha ya mtu yanashikwa na vitu viwili: saa za kazi na simu. Simu inamwambia kama basi inakuja, kama baridi ya leo inaweza kuua vidole, kama kuna kazi usiku huu. Na simu hiyo hiyo ndiyo inabeba sauti ya mama kutoka Goma, Bukavu, Uvira ama Butembo, akiuliza kama kuna kitu cha kuwasaidia mwezi huu.

Giza linaingia saa kumi jioni

Mtu aliyezaliwa Goma amezoea jua linalotoka karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Montreal haiko hivyo. Mwezi wa kumi na mbili, jua linatoka karibu saa moja na nusu asubuhi, na saa kumi na dakika kumi jioni limekwisha kuzama. Mwenye kufanya kazi ndani ya depo isiyo na madirisha anaweza kumaliza juma nzima bila kuona mwanga wa mchana.

Mwezi wa kwanza, joto la wastani ni karibu digri 10 chini ya sifuri. Kuna siku linashuka mpaka 20 chini ya sifuri, ama zaidi, na upepo unaongeza ukali wake. Idara ya hali ya hewa ya Canada inatoa hesabu ya baridi pamoja na upepo, na hesabu hiyo si mchezo: ikifika kati ya 28 na 39 chini ya sifuri, ngozi isiyofunikwa inaweza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30. Kungoja basi moja iliyochelewa kunatosha.

Kwa majira mazima, theluji inayoanguka juu ya mji inafikia karibu mita mbili. Mji una karibu kilometa 10 000 za barabara, njia za waenda kwa miguu na njia za baiskeli za kusafisha. Mashini zinapita usiku na mchana, na mbele yao magari ya kuvuta yanapiga king'ora ili wenye motokari waondoe vyombo vyao. Asiyesikia, gari yake inavutwa, na faini inamngoja.

Programu zinazofunguliwa mbele ya chai

Ndiyo maana asubuhi ya mfanyakazi wa Montreal inaanzia kwenye kioo cha simu. Ya kwanza ni programu ya hali ya hewa, kama MétéoMédia. Hapo mtu anaamua kama atavaa suruali mbili ama moja.

Ya pili ni ya usafiri. Wengi wanatumia Transit, programu iliyotengenezwa Montreal penyewe, inayoonyesha basi iko wapi na itafika baada ya dakika ngapi. Wakati wa joto, dakika tano za kungoja si kitu. Wakati wa baridi, dakika hizo tano zinaamua kama mtu atabaki ndani ya mlango wa nyumba ama atatoka. Programu ingine, Chrono, inasaidia kununua tiketi na kujaza kadi ya OPUS bila kupiga mstari kwenye stesheni.

Metro ndiyo rafiki mkubwa wa baridi. Ilifunguliwa mwaka 1966, ina stesheni 68, na reli yake yote iko chini ya udongo, kwa hiyo theluji haiifikii. Katikati ya mji, stesheni hizo zimeunganishwa na njia za chini zenye urefu wa zaidi ya kilometa 30, zikipita chini ya maduka, ofisi na shule. Lakini metro inalala usiku. Mwenye kumaliza kazi saa nane ama saa tisa usiku hana njia ingine isipokuwa mabasi ya usiku, yale ambayo namba zake zinaanza na 3, na hayo hayapiti mara kwa mara.

Kwa mwenye gari kuna INFO-Neige MTL, programu ya mji inayoonyesha ni barabara gani itasafishwa na wakati gani hairuhusiwi kuegesha. Sheria ya Quebec inaongeza jambo lingine: kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili mpaka tarehe 15 mwezi wa tatu, kila gari lazima iwe na matairi ya baridi. Asiyeyavalisha anaweza kulipa faini ya kati ya dola 200 na 300.

Simu nayo inaogopa baridi

Mgeni anashangaa siku ya kwanza: simu ilikuwa na moto wa asilimia 40, akaitoa inje kuangalia njia, ikazimika. Haijaharibika. Ndani ya betri ya lithium, baridi inapunguza mwendo wa kemikali zinazotoa umeme, na simu inajifunga yenyewe. Apple inasema iPhone imetengenezwa kwa kutumiwa kati ya digri 0 na 35. Montreal ya mwezi wa kwanza iko mbali na hapo.

Wazoefu wanaweka simu katika mfuko wa ndani, karibu na kifua, na kutembea na betri ya akiba. Ikizimika, hawaichomeki mara moja kwenye umeme. Wanaiacha ipate joto kwanza. Glavu nazo ni shida ingine: kioo kinasikia umeme mdogo wa ngozi, hakisikii sufu. Kuna glavu zenye nyuzi maalum kwenye vidole. Asiyekuwa nazo anavua glavu kila mara anapotaka kujibu, na kidole kinalipa bei.

Kazi inayokuja kwa ujumbe

Kwa wanaopeleka chakula kupitia Uber Eats, DoorDash ama SkipTheDishes, simu ikizimika, kazi imesimama. Oda inatokea kwenye kioo ikiwa na bei na umbali. Mtu ana sekunde chache tu za kuikubali ama kuiacha. Siku theluji inapoanguka sana, wakaaji wengi hawataki kutoka na oda zinakuwa nyingi. Lakini siku hiyo hiyo ndiyo barabara inateleza.

Mpelekaji huyo hana mshahara wa saa. Anahesabiwa kama mtu anayejitegemea: petroli ni yake, matairi ni yake, mega za simu ni zake, na mwisho wa mwaka anajitangazia mwenyewe kodi. Bei inayoonekana kwenye kioo si faida. Wengi wanaelewa hesabu hiyo baada ya baridi ya kwanza, wakati gari imekwisha kuomba fundi.

Kazi ya mshahara inahesabiwa tofauti. Tarehe 1 mwezi wa tano 2025, mshahara wa chini katika Quebec uliwekwa kuwa dola 16,10 za Canada kwa saa. Kwa juma la saa 40, ilikuwa dola 644 mbele ya makato. Hapo kuna kupanga nyumba, chakula, usafiri, na kiasi kinachongojwa nyumbani.

Wageni wengi wanapitia mashirika yanayogawa wafanyakazi kwa depo, viwanda na kazi za usafi. Ujumbe unaingia jioni: kesho saa kumi na moja asubuhi, mahali fulani. Anayechelewa kujibu, nafasi imekwenda kwa mwingine. Kwa hiyo simu inalala chini ya mto. Tangu mwezi wa kwanza 2020, kila shirika la namna hiyo lazima liwe na ruhusa ya CNESST, ofisi ya Quebec inayosimamia sheria za kazi, na orodha ya wenye ruhusa iko wazi kwa watu wote. Shirika haliruhusiwi kumuomba mfanyakazi feza ili limpeleke kazini. Mgeni asiyejua hilo anaweza kulipia haki yake mwenyewe.

Wengine wanatunza wazee na wagonjwa. Wakati wa Covid-19, waombaji wengi wa hifadhi walikuwa katika kazi hiyo, na tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 2020 Canada ilifungua mpango maalum wa kuwapa makao ya kudumu waliohudumia wagonjwa wakati ule. Kazi haifungwi kwa sababu ya theluji: mzee lazima aoshwe, alishwe, ageuzwe kitandani. Anayetunza anatoka nyumbani saa moja mapema, na ndiyo hivyo.

Saa saba katikati ya mama na mtoto

Wakati wa baridi, Goma na Bukavu ziko mbele ya Montreal kwa saa saba. Mwenye kutoka kazi ya usiku saa moja asubuhi, akiwa ameshika chuma cha metro na macho yanafunga, Goma ni saa nane mchana na watu wako na mambo yao. Na ndugu wa Bukavu anayepiga simu saa tatu asubuhi, akiwa na nia njema, anaamsha mtu saa nane ya usiku.

Ndiyo sababu audio ya WhatsApp imekuwa barua ya siku hizi. Inatumwa wakati koneksio iko, inasikilizwa wakati mtu amepata nafasi. Familia zina kikundi chao, watoto wa kijiji kimoja wana chao, na likelemba pia imehamia humo: kila mmoja anatuma picha ya malipo yake, na zamu inajulikana kwa wote.

Lakini audio inaficha pia. Aliye Montreal hasemi kwamba ameanguka juu ya barafu, ama kwamba juma hili shirika halikumuita. Aliye Goma hasemi kwamba wamekula mara moja kwa siku. Kila upande unalinda mwingine, na hapo ndipo madai na majibu yanakosa kuelewana. Nyumbani wanajua kwamba yule wa Bulaya ana simu nzuri na anatembea katikati ya mwanga. Yeye anajua bei ya kila saa ya mwanga huo.

Feza inafika, noti hazifiki

Kutuma feza kumekuwa rahisi kuliko zamani. Kwa programu kama Taptap Send ama WorldRemit, dola za Canada zinatoka kwenye benki ya mtumaji na kuingia katika M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money ya mpokeaji, mara nyingi ndani ya dakika chache. Mpokeaji hahitaji simu kubwa wala intaneti. Namba fupi inatosha. Jambo la kuangalia ni bei ya kubadilisha: programu inaweza kusema haichukui kitu, kumbe faida yake iko ndani ya kiwango cha dola. Wenye akili wanalinganisha kiasi kitakachofika, hawalinganishi kiasi cha kutuma.

Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati AFC/M23 ilipoingia Goma, benki za mji zilifunga milango. Bukavu ikafuata katikati ya mwezi wa pili. Hapo feza ya simu ikawa mlango mkubwa kwa familia nyingi. Lakini namba kwenye simu si noti mkononi. Wakati noti ni chache, ajenti anaweza kuomba zaidi ya bei ya kawaida, ama kurudisha mtu na kumwambia apite kesho. Dola iliyopasuka kidogo, wauzaji wanaikataa. Kwa hiyo mia inayotoka Montreal haifiki sokoni kama mia, na mara nyingi lawama inamwangukia mtumaji, wakati yeye ana picha inayoonyesha kwamba ametuma yote.

Dawa iliyopatikana kwa wengine ni kupunguza mzunguko wa noti: kulipa mfanyabiashara moja kwa moja kwa simu, kutuma mega ama inite, ama kuelewana na duka ambalo familia inachukua unga na mafuta.

Wezi wa akaunti

Penye feza hapakosi mwizi. Anayejulikana zaidi anaomba namba sita zilizotumwa kwa ujumbe, akisema zimekwenda kwa makosa. Ukimpa, WhatsApp yako imekuwa yake, na saa hiyo hiyo anaandikia ndugu zako wa Montreal kwa jina lako: mtoto yuko hospitali, munganga anataka malipo. Aliyetoka kazini amechoka, hawezi kukataa.

Kinga ni nyepesi. Namba hizo hazipewi mtu yeyote. Ndani ya WhatsApp, katika mipangilio ya akaunti, kuna uthibitisho wa hatua mbili, ambapo mwenye simu anaweka namba yake ya siri. Na mbele ya kutuma feza ya haraka, mtumaji anapiga simu na kusikia sauti. Kama sauti haipatikani, feza inangoja.

Siku ya yenga ya pili ya mwezi wa tatu, saa za Montreal zinasogezwa mbele, na tofauti na Goma inabaki saa sita mpaka mwezi wa kumi na moja. Theluji inaanza kuyeyuka, na barabara zinakuwa matope meusi. Kazi ya usiku inaendelea. Anayetoka saa moja asubuhi atakuta Goma ni saa saba mchana, wakati ambapo mama, kama noti zimepatikana, bado ana nafasi ya kuwahi soko.