Ploti Iko Poa, Lakini Barabara Iko Wapi? Soma Hii Kabla Utume Doo

Ushawahi kupelekwa saiti na broka? Unapewa soda baridi na mchoro wa rangi, halafu unaonyeshwa: "Kona yako ndio hii, na hii hapa ni barabara ya mita 9." Unaskia vipoa, unalipa diposi. Miaka miwili baadaye jirani anaweka fensi, na lori ya mchanga haina pa kupitia.

Tatizo ni moja: ile barabara ilikuwa kwa karatasi ya broka tu.

Hivi ndivyo mambo hufanywa. Kabla shamba ligawanywe kuwa ploti, mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa huchora mpango wa kugawa, akionyesha kila ploti na barabara zake. Mpango huo hupelekwa kaunti uidhinishwe. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 iko wazi: ukianza ujenzi ama ugawaji bila idhini ya kaunti, unaweza kupigwa faini hadi shilingi 500,000, jela hadi miezi miwili, ama zote mbili.

Kama ni shamba la kilimo, lazima pia bodi ya ardhi ya eneo hilo ikubali. Baada ya hapo mpima ardhi mwenye leseni anaweka bikoni, anajaza fomu ya mutesheni, na ramani rasmi ya serikali inarekebishwa. Hapo ndipo barabara inakuwa barabara ya ukweli, na kila ploti inapata taito yake.

Je, kama ploti iko nyuma na njia lazima ipite kwa ardhi ya mtu mwingine? Hapo unahitaji haki ya njia, ambayo iko kwa Sheria ya Ardhi ya 2012. Ardhi inabaki yake, lakini wewe uko na ruhusa ya kupita. Usikubali ahadi ya mdomo eti "huyo mzee ni rafiki yetu." Mzee akiuza, mwenye kununua hakujui. Iandikwe, isajiliwe kwa ofisi ya ardhi, ndio imfuate kila mwenye ardhi hiyo.

Pia kuna haki ambazo wengine wako nazo juu ya ploti yako. Angalia juu: kuna nyaya kubwa za stima? Laini ya kilovolti 132 kwa kawaida huachiwa nafasi ya mita 30, na hapo hujengi nyumba. Uliza pia kuhusu paipu za maji na za majitaka.

Na usidhani ukubwa wa jengo utakuokoa. Agosti 2018, Southend Mall kule Lang'ata na Ukay Centre pale Westlands ziliangushwa kwa kuwa kando ya mto.

Kwa hivyo kabla utoe hata thao, itisha vitu vinne: nakala ya idhini ya kaunti, ramani rasmi, matokeo ya sachi ya taito, na mpima ardhi wako mwenyewe akuonyeshe bikoni. Kwa Nairobi, sachi unaifanya kwa simu kupitia Ardhisasa.

Broka akianza kukuambia ofa inaisha leo jioni, panda matatu urudi home. Ploti bado ziko.