Kovu la 1994 lasomwa kwenye damu ya mama na mtoto

Kigali. Kila Aprili, Rwanda inapowakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watoa huduma hukaa tayari pembeni mwa waombolezaji. Kazi yao ni kuwabeba wanaozidiwa: wanaopiga mayowe, wanaokosa pumzi, wanaoyaona tena yaliyopita. Kinyarwanda kina neno la hali hiyo, ihahamuka. Miongoni mwa wanaobebwa wamo hata vijana waliozaliwa baada ya mauaji.

Inakuwaje mtu azidiwe na asichokiona? Watafiti wa Rwanda na wa Geneva, Uswisi, walilipeleka swali hilo maabara. Katika timu iliyoongozwa na Nader Perroud walikuwamo mtaalamu wa jeni Leon Mutesa na mwanasaikolojia Eugène Rutembesa, na kazi yao ilichapishwa mwaka 2014 katika World Journal of Biological Psychiatry.

Walichukua wanawake 25 walioyapitia mauaji wakiwa wajawazito, pamoja na watoto wao. Wakawalinganisha na wanawake 25 wa asili ileile, waliokuwa wajawazito wakati huohuo lakini hawakuyapitia, nao pamoja na watoto wao.

Walichokifuatilia ni kotisoli, homoni inayomwagwa na tezi zilizo juu ya figo pale ubongo unapohisi hatari. Hupandisha sukari kwenye damu ili mwili upate nguvu ya kukimbia au kupambana. Hatari ikipita, kotisoli yenyewe huurudishia ubongo ujumbe: inatosha. Ujumbe huo hupokewa na vipokezi maalumu, na jeni iitwayo NR3C1 ndiyo yenye maelekezo ya kuvitengeneza.

Wengi wangetarajia kotisoli ya walionusurika iwe juu. Ilikuwa chini, kwa mama na kwa mtoto, na vipokezi vyake vilikuwa vichache. Jeni ya NR3C1 nayo ilikuwa na alama nyingi zaidi za kemikali, zile zinazoweza kuififisha bila kubadilisha maandishi yake. Dalili za sonona na za kiwewe zilikuwa kali zaidi katika kundi hilo. Kotisoli ya chini ilikwishaonekana pia kwa manusura wa mauaji ya Wayahudi wa Ulaya waliobaki na kiwewe.

Hapa pana haja ya tahadhari, maana habari za namna hii huvimba zikifika mtaani. Jozi 25 kwa kila upande ni chache. Tena mtoto huyo hakukaa tumboni tu. Alilelewa na mama aliyejeruhiwa, pengine bila baba wala bibi. Kutenganisha kilichotoka tumboni na kilichotoka kwenye malezi ni kazi ngumu, na utafiti huu haukusema kwamba kiwewe ni urithi usioepukika.

Mwaka 2022, jarida la Epigenomics lilichapisha kazi ya majaribio iliyoongozwa na Clarisse Musanabaganwa, akiwa na Mutesa. Safari hii hawakuangalia jeni moja. Walipekua jenomu kwa upana, na baadhi ya mabadiliko waliyoyakuta kwa akina mama yalionekana pia kwa watoto wao.

Kwa ukanda huu, suala haliishii Kigali. Mashariki mwa Kongo na Sudan Kusini wajawazito wanaendelea kukimbia risasi, na kliniki za kambini huwapima shinikizo na uzito. Watoto waliokuwa tumboni mwaka 1994 nao wameshafikia umri wa kuzaa.