Mgunga Unaotembea

Droni ikiwa mita 60 juu ya ngitili, yaani eneo la malisho lililotengwa, huku Kishapu, kamera yake huona kipande cha ardhi chenye upana wa mita 90 hivi, na hupiga picha 30 kila sekunde. Ng'ombe anayekwenda taratibu lamboni husogea kama sentimita 4 kati ya picha moja na inayofuata. Droni yenyewe, kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, imeshasogea sentimita 33. Ndiyo maana kwenye video kila kitu kinakimbia: nyasi, vichuguu, mapito ya mifugo. Mwendo wa ng'ombe umo humo humo, ila umemezwa.

Kazi yangu ni kupiga video hapa Shinyanga: harusi, mikutano ya injili, mashindano ya ngoma kati ya vyama vya Wasukuma vya Wagika na Wagalu baada ya mavuno. Mifugo nilianza kuipiga kwa sababu wenye mifugo waliniomba. Mzee mmoja aliangalia video ya kundi lake kwenye simu yangu akaniuliza, "Mwanangu, hapa wanaokimbia ni ng'ombe au ni wewe?"

"Ni mimi, baba," nikamwambia.

Swali hilo ndilo kompyuta hulazimika kulijibu kabla haijahesabu hata mkia mmoja. Kamera iliyofungwa ukutani haina shida hii. Unalinganisha picha ya sasa na iliyotangulia, na palipobadilika ndipo pana kitu kinachotembea. Kamera inayoruka hubadilisha kila mahali kwa mpigo mmoja.

Programu huanza kwa kutafuta mamia ya alama zisizosahaulika: ncha ya jiwe, kipara kwenye nyasi, njia panda ya mapito. Kisha huzisaka alama zile zile katika picha inayofuata. Mbinu maarufu ya kuzisaka waliiandika Bruce Lucas na Takeo Kanade mwaka 1981. Mwaka huo huo Martin Fischler na Robert Bolles walichapisha njia ya hatua inayofuata, ambayo mimi naiona nzuri kuliko zote, maana inafanana na mkutano wa kijiji. Alama chache huokotwa bila kuchagua, zinatoa dhana ya jinsi kamera ilivyosogea, kisha nyingine zote zinaulizwa: nani anakubali? Zoezi hurudiwa mara nyingi, na dhana yenye wafuasi wengi hushinda. Ardhi ina alama nyingi, hivyo kwa kawaida hushinda yenyewe. Zilizokataa ndizo za kuchunguzwa: ng'ombe, bodaboda, mchungaji. Picha ikirudishwa nyuma kwa kiasi ambacho kamera ilisogea, ardhi inatulia.

Lakini miti haitulii, na hapa ndipo wengi hukwama. Mgunga wa mita 6 kilele chake kiko karibu zaidi na kamera kuliko ardhi iliyouzunguka, kwa hiyo hupita haraka zaidi. Nimepiga hesabu: kwa urefu na mwendo nilioutaja, ardhi husogea pikseli 14 hivi kwa kila picha, na kilele cha mgunga karibu 16. Ukiiondoa ardhi, mgunga unabaki na mwendo wa pikseli moja na nusu. Ng'ombe anayetembea ana pikseli 1.7. Kwa kompyuta inayotegemea mwendo peke yake, ngitili nzima ina miti inayokwenda malishoni! Na Shinyanga, kwa bahati nzuri, tuna migunga mingi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 ulirudisha ngitili zetu palipokuwa pamebaki vumbi.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, programu ifundishwe kwa maelfu ya picha jinsi ng'ombe anavyoonekana kutoka juu, ili mgunga ukataliwe hata ukitembea. Ya pili, ijenge umbo kamili la nchi, lenye vimo na mabonde, kutokana na video yenyewe. Blair Costelloe, Ben Koger na wenzao walifanya yote mawili kwa punda milia wa Grevy huko Mpala, Laikipia, nchini Kenya, wakachapisha kazi yao mwaka 2023. Njia ya kila mnyama waliipata kwa mita halisi juu ya ardhi halisi. Geita, kwenye migodi ya wazi, dawa hii ya pili haikwepeki, kwa sababu ngazi za juu za shimo na sakafu yake hazipiti mbele ya kamera kwa kasi moja. Huko hakuna ardhi bapa ya kupigia kura.

Huko huko Geita kuna jambo linaloniumiza moyo. Programu inayomfuata ng'ombe inaweza kumfuata pia mchimbaji mdogo wa Nyarugusu. Kutoka mita 60 mabega ya mtu ni pikseli 20 hivi. Uso hausomeki, ila alikotoka, aliposimama na aliyekutana naye vinaandikika vyote. Kibali cha kurusha droni hutoka serikalini, nami nakiheshimu, lakini sirushi kabla ya kuongea na mwenyekiti wa kijiji na watu watakaokuwa chini ya droni.

Kwa mifugo, kigumu kilichobaki ni lambo. Ng'ombe akipita chini ya mti, programu hukisia atatokea wapi kwa hesabu ambayo Rudolf Kálmán aliichapisha mwaka 1960, na mara nyingi hupatia. Lamboni, ng'ombe wa rangi moja wanaposongamana, namba zao hubadilishana: wa 12 anatoka akiitwa wa 31. Hata watafiti wa Mpala waliweka hatua ya mtu kukagua na kurekebisha njia za wanyama. Mimi huketi na kijana anayelichunga kundi, kompyuta katikati yetu, tukirudisha video polepole. Ananiambia, "Kaka, huyu siye. Yule mwenye baka mgongoni alitokea kushoto." Tunabadilisha namba, tunaendelea.